Nilichanjwa, Jicho Likauma: Hiyo "-ka-" Inasema Nini Hasa?

Kila chanjo mpya inapoanza kutolewa kwa watu wengi, haupiti muda kabla picha ya jicho jekundu haijaanza kuzunguka kwenye simu. Chini ya picha kuna sentensi moja: "Alichanjwa Jumatatu, Alhamisi akaamka haoni." Ni sentensi fupi, ina siku mbili na jicho moja, lakini inatisha kuliko ripoti ya kurasa mia mbili.

Kabla ya kumwita daktari wa macho, tumwite kwanza mwalimu wa sarufi. Kiambishi "-ka-" kazi yake ni kupanga matukio kama shanga kwenye uzi: alikuja, akakaa, akala, akaondoka. Kinatuambia kipi kilitangulia na kipi kilifuata, basi. Hakidai kwamba kukaa ndiko kulikomshibisha mgeni. Lakini matukio yakiwa mazito, sikio letu huongeza lenyewe maneno ambayo msemaji hakuyatamka: kwa sababu. "Alichanjwa, akapofuka" tunaisikia kama "alipofuka kwa sababu alichanjwa".

Karibu mkanganyiko wote kuhusu macho na chanjo unaishi katika pengo hilo, kati ya "baada ya" na "kwa sababu ya". Nami niseme mapema kwamba pengo hilo halizibwi kwa kujibu kila mtu "huo ni uzushi". Yapo matatizo ya macho ambayo chanjo imethibitika kuyaleta. Ni machache na mengi yake hupona, lakini yapo, na anayeyakana kabisa huwapa wazushi kuni za bure.

Tuanze na maneno. Wahudumu wa afya wakisema "maudhi madogo madogo" wanamaanisha mambo yanayotarajiwa: mkono kuuma, homa ya siku moja, uchovu, kichwa kugonga. Hayo ni kelele za kinga ya mwili ikiwa kazini. "Tukio baada ya chanjo" ni jambo lolote la kiafya linalomfika mtu baada ya kuchanjwa, liwe limeletwa na chanjo au la. Ukichanjwa asubuhi na jioni ukajikwaa ukavunjika kidole, hilo nalo ni tukio baada ya chanjo. "Madhara ya chanjo" ni yale matukio ambayo uchunguzi umeonyesha kwamba chanjo ndiyo iliyoyasababisha. Kapu la matukio ni kubwa mno, kapu la madhara ni dogo, na habari nyingi za kutisha hutokana na mtu kumimina yaliyomo kwenye kapu la kwanza ndani ya la pili.

Neno "nadra" nalo lina kipimo chake. Katika lugha ya dawa, dhara huitwa nadra sana likimpata mtu chini ya mmoja kati ya 10,000. Mengi tutakayoyataja hapa ni nadra zaidi ya hapo. Jaza uwanja wa mpira wenye viti 100,000, kisha tafuta mtu mmoja au wawili. Kwa uwanja mzima ni kama hakuna kitu. Kwa yule aliyekaa kwenye kiti hicho, ni jicho lake. Kauli zote mbili ni kweli kwa pamoja.

Kwa nini jicho?

Chanjo huwaonyesha askari wa mwili picha ya mwizi ambaye bado hajafika. Wakishaikariri sura yake, siku akija kweli hawapotezi muda kuuliza wewe ni nani. Kazi hiyo huwachangamsha askari mwili mzima, si mkononi tu palipochomwa sindano. Mara chache sana mambo mawili huweza kwenda kombo. La kwanza, askari akamwona mwenye nyumba anayefanana kidogo na yule mwizi wa kwenye picha, akamkamata. La pili, hekaheka yenyewe ikachochea ugomvi wa zamani uliokuwa umetulia, kama upepo unavyofunua kaa lililofunikwa na majivu.

Jicho huumizwa na hekaheka hizo kuliko viungo vingi. Kidole kikivimba wiki nzima kisha kikanywea, unakisahau. Retina, ule utando ulio nyuma ya jicho unaopokea picha, ukivimba wiki nzima unaweza kukuachia doa mahali ambapo hutaki kuona doa. Ndiyo maana mwili huwawekea askari wa kinga masharti makali ndani ya jicho, wasiingie ovyo wala kupigana ovyo. Masharti hayo yakivunjika, tunasema jicho limevimba ndani. Hapa "kuvimba" sio kutokea nundu, bali sehemu kuwa nyekundu, kujaa maji na kuuma kwa sababu askari wamekusanyika hapo.

Jogoo na mapambazuko

Wahenga walisema, jogoo awike asiwike, kutakucha. Hakuna kauli inayoeleza takwimu za chanjo vizuri kuliko hiyo. Kuna magonjwa ya macho ambayo huja yenyewe, kila siku, chanjo iwepo isiwepo.

Chukua ugonjwa wa kuvimba kwa neva ya jicho, ile kamba inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Huwashika zaidi watu wazima vijana, hasa wanawake, na makadirio ya nchi nyingi yako kati ya mtu 1 na watu 5 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Tuchukue 3. Sasa wachukue watu milioni 10 uwachome sindano ya maji ya chumvi tu, isiyo na chochote. Katika watu hao, 300 wataugua neva ya jicho ndani ya mwaka, sawa na 25 kwa mwezi, karibu mmoja kwa siku. Kwa hiyo katika mwezi mmoja baada ya sindano ya maji ya chumvi utakuwa na watu 25 wanaosema kwa uaminifu kabisa, "nilichomwa sindano, jicho likafifia". Mmoja wao atasema lilififia kesho yake. Hakuna hata mmoja anayedanganya.

Kazi ya watafiti basi ni kuuliza, "Wameugua wangapi zaidi ya wale ambao wangeugua hata bila chanjo?" Wakipatikana 25, jogoo amewika tu. Wakipatikana 60, kuna jambo.

Na usidhani "-ka-" ni adui wa sayansi siku zote. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Australia, Norman McAlister Gregg, aliona watoto wachanga wengi kuliko kawaida wakiletwa kwake na mtoto wa jicho, yaani ile lenzi ya jicho iliyoingia ukungu mweupe. Akina mama walikuwa na simulizi inayofanana: nilipata rubela nikiwa na mimba changa, nikajifungua mtoto haoni. Rubela wakati huo ilihesabiwa kuwa ugonjwa mwepesi wa vipele vya siku tatu. Gregg angeweza kusema ni bahati mbaya tu. Badala yake alikusanya watoto 78, akachunguza historia za mama zao, akakuta 68 kati yao wana kumbukumbu ya rubela, wengi mwanzoni mwa mimba. Hapo "-ka-" ilianza kugeuka "kwa sababu ya". Wengine walibishana naye kwa miaka, kisha wakakubali. Chanjo ya rubela, iliyoanza kutumika mwaka 1969, ilitokana na wasiwasi ulioanzia kwenye kliniki ya macho.

Kwa hiyo simulizi ya mgonjwa ni mwanzo halali kabisa wa uchunguzi. Tatizo huja pale inapofanywa kuwa hukumu.

Ripoti ni moshi

Nchi nyingi zina mifumo ya kupokea taarifa za matukio baada ya chanjo na dawa. Uingereza wana Kadi ya Njano tangu 1964, baada ya maafa ya thalidomide, dawa iliyolemaza watoto wakiwa tumboni. Marekani wana VAERS tangu 1990. Shirika la Afya Duniani lina hazina ya ripoti kutoka nchi nyingi, inayosimamiwa Uppsala, Sweden. Watu wengi wanaposambaza orodha ndefu za "waliopofuka kwa chanjo", orodha hizo hutoka kwenye mifumo kama hii.

Mlango wa mifumo hii uko wazi makusudi. VAERS hupokea ripoti ya daktari, ya mgonjwa, ya shangazi wa mgonjwa. Daktari mmoja wa Marekani aliwahi kuripoti kwamba chanjo ya mafua ilimgeuza kuwa jitu la kijani la kwenye katuni, na ripoti ikaingia. (Baadaye alipigiwa simu na wasimamizi, akakubali ifutwe.) Wengine hucheka kisa hicho na kusema mfumo haufai. Mimi naona kinyume chake. Mtego wa samaki wenye matundu makubwa hupitisha samaki wadogo, na dhara nadra ni samaki mdogo. Afadhali unase na takataka, utachambua baadaye.

Na kweli hunasa. Mwaka 1999 ripoti 15 tu za watoto ambao utumbo wao ulijikunja na kuziba baada ya chanjo ya kuhara iliyoitwa RotaShield zilitosha kuisimamisha nchini Marekani, na mwaka huohuo ikaondolewa sokoni. Pafukapo moshi hapakosi moto, lakini moto wenyewe unaweza kuwa wa nyumba inayoungua au wa jiko la uji. Ripoti ni moshi. Lazima mtu aende akaangalie.

Kwa upande wa macho, kisa ninachokipenda kilitokea Kanada mwaka 2000. Msimu wa chanjo ya mafua ulipoanza, mamia ya watu waliripoti kitu kimoja: saa chache baada ya sindano, macho yote mawili yalikuwa mekundu, koo likakereketa, kikohozi kikaanza, kifua kikabana, wengine uso ukavimba. Kwa wengi yalikwisha ndani ya siku mbili. Tazama jinsi kisa hiki kinavyotofautiana na zile picha za kwenye simu. Muda ulikuwa uleule kwa karibu kila mtu, dalili zilikuwa zilezile, na wagonjwa walielemea kwenye chanjo ya mtengenezaji mmoja. Wachunguzi walipoitazama kwa hadubini walikuta vijidudu vya mafua ambavyo vilipaswa kuvunjwavunjwa kiwandani vingali vimeshikamana mabonge mabonge. Utengenezaji ukarekebishwa, na msimu uliofuata tatizo likapungua sana. Hali hiyo ikapewa jina lake, ugonjwa wa macho na pumzi baada ya chanjo. Hapo chanjo ndiyo iliyosababisha, na wahusika walisema hivyo waziwazi.

Chanjo ya zamani ya ndui nayo ina kesi isiyo na ubishi. Ilikuwa na kirusi hai kilichoacha kidonda begani. Mtu akikikuna kidonda kisha akafikicha jicho, kirusi kilihamia kwenye kope au konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Njia inaonekana, kirusi kinapatikana jichoni kwa vipimo, hakuna la kubishania. Chanjo mpya inayotumika dhidi ya mpox imetengenezwa kwa kirusi kisichoweza kuzaliana mwilini mwa binadamu, kwa hiyo njia hiyo imefungwa.

Yanayotajwa mara nyingi

Ugonjwa unaojitokeza zaidi kwenye ripoti ni kuvimba kwa uvea. Uvea ni tabaka la katikati la jicho, lenye ile duara ya rangi inayozunguka mboni na mishipa mingi ya damu. Likivimba, jicho huwa jekundu, huuma kwa ndani, mwanga hugeuka adhabu, na kuona huwa kama kupitia kioo chenye mvuke. Husababishwa na mengi: magonjwa ya kinga kujishambulia, kifua kikuu, kaswende, virusi vya malengelenge. Je, chanjo imo kwenye orodha hiyo? Utafiti wa Israel uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watu zaidi ya milioni 2 waliopata chanjo ya Pfizer ya UVIKO-19, ulikuta nyongeza ndogo: takriban mgonjwa 1 zaidi kwa kila watu 100,000 waliochanjwa. Huyo ni yule mtu mmoja uwanjani. Waliowahi kuugua uvea zamani ndio wanaoonekana kurudiwa zaidi, na hilo linalingana na kaa lililo chini ya majivu. Wagonjwa wengi walioelezwa kwenye ripoti walitulia kwa matone ya dawa.

Neva ya jicho, ile ya hesabu yetu ya maji ya chumvi, imechunguzwa kwa muda mrefu kwa sababu ripoti za baada ya chanjo za homa ya ini B, mafua na surua ni za miongo mingi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 uliolinganisha wagonjwa na watu wasiougua haukuona uhusiano na chanjo hizo. Mwingine wa mwaka 2016 nao haukuuona. Hii haimaanishi kwamba haiwezekani kabisa kumtokea mtu mmoja mahali fulani, maana sayansi haiwezi kuthibitisha "kamwe". Inamaanisha kwamba kama nyongeza ipo, ni ndogo kiasi cha kutoonekana hata ukiitafuta kwa bidii.

Penye ubishi wa kweli ni kuziba kwa mishipa ya damu ya retina. Mshipa ukiziba, jicho hufifia ghafla bila maumivu. Mwaka 2023 zilitoka tafiti mbili, zote zikitumia kumbukumbu za kielektroniki za hospitali. Ya watafiti wa Taiwan ilisema waliochanjwa dhidi ya UVIKO-19 walikuwa na hatari kama mara mbili ya wasiochanjwa kwa muda wa miaka miwili. Ya Marekani ilihesabu watu zaidi ya milioni 3 waliopata chanjo za mRNA (aina ya zile za Pfizer na Moderna), ikakuta 104 waliogundulika na tatizo hilo ndani ya siku 21, kiwango kilicholingana na kinachoonekana baada ya chanjo za mafua na pepopunda. Magazeti yalichukua "mara mbili" yakakimbia nayo.

Zote mbili zinawezaje kuwa za kweli? Tofauti iko kwenye kulinganisha. Ukilinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, unalinganisha pia tabia zao. Anayekwenda kuchanjwa huwa pia anakwenda kliniki, kwa hiyo ugonjwa wake unaandikwa, na yule asiyekwenda popote anaonekana mzima kwenye kompyuta. Zaidi ya hapo, waliotangulizwa kupata chanjo walikuwa wazee na wenye presha na kisukari, watu haohao ambao mishipa ya macho yao huziba. Watafiti hujaribu kusawazisha tofauti hizo kwa hesabu, lakini si zote zinazoandikwa kwenye faili. Kulinganisha chanjo na chanjo nyingine kunapunguza tatizo hilo, maana wote ni watu wanaokwenda kliniki. Mimi naegemea utafiti wa pili kwa sababu hiyo. Isitoshe, "mara mbili" ya kitu kidogo mno bado ni kitu kidogo mno: ukinunua tiketi mbili za bahati nasibu badala ya moja, usiache kazi.

Kuna aina moja ya kuganda damu ambayo haina ubishi. Mwaka 2021 ilibainika kwamba chanjo za AstraZeneca na Johnson & Johnson, kwa watu wachache sana, zilifanya mwili utengeneze kingamwili zilizochochea damu kuganda huku chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kuziba jeraha, zikipungua. Mara nyingi damu iliganda kwenye mishipa ya ubongo, na kuona ukungu kukawa moja ya dalili zake pamoja na maumivu makali ya kichwa. Tarehe 7 Aprili 2021 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitangaza kwamba hilo liorodheshwe kama dhara nadra sana la AstraZeneca, na nchi kadhaa zikabadilisha umri wa kuitoa. Sitaki kulipitisha hili kimyakimya, kwani watu walikufa.

Waliopandikizwa konea wana habari yao peke yao. Konea ya mtu mwingine hukaa jichoni kwa sababu askari wa kinga wameamua kuifumbia macho. Tangu mwaka 1988 madaktari wameeleza wagonjwa wachache ambao miili yao ilianza kuikataa konea wiki kadhaa baada ya chanjo za kawaida, na baada ya chanjo za UVIKO-19 ripoti ziliongezeka. Wengi walitulia kwa kuongezewa matone ya steroidi, yaani dawa ya kupoza uvimbe. Mwenye konea ya kupandikizwa asiogope chanjo, ila amwambie daktari wake wa macho kabla, kwani wengine huongeza matone kwa muda kama tahadhari.

Mengine nitayapitia haraka. Mkanda wa jeshi, unaotokana na kirusi cha tetekuwanga kuamka baada ya kulala kwenye neva kwa miaka, umeripotiwa baada ya chanjo, na tafiti hazijakubaliana. Ukiona malengelenge ya upande mmoja wa paji la uso yameshuka hadi ncha ya pua, jicho liko hatarini na usisubiri kesho. Kupooza upande mmoja wa uso kulijitokeza kwenye majaribio ya chanjo za mRNA: watu 4 waliochanjwa dhidi ya 0 wa sindano bandia katika jaribio la Pfizer, na 3 dhidi ya 1 katika la Moderna. Namba ni ndogo mno kuzitolea hukumu, na tafiti kubwa za baadaye zimetofautiana. Jicho huumia hapo kwa sababu kope haifungi, konea ikakauka. Matone ya kulainisha na kufunga kope kwa plasta usiku huliokoa.

Na yale yasiyowezekana

"Chanjo ilimletea mtoto wa jicho wiki iliyofuata." Kwa mtu mzima, mtoto wa jicho wa kawaida hujengeka kwa miaka. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mtu anaanza kujichunguza baada ya chanjo, anafumba jicho moja kwa mara ya kwanza maishani, anagundua lile lingine haliioni saa ukutani vizuri. Presha ya macho ya kawaida nayo huiba uwezo wa kuona taratibu, mtu asijue, na siku ya kuigundua si siku ilipoanza.

"Mwenye miwani, kisukari cha macho au presha ya macho haruhusiwi kuchanjwa." Si kweli. Hakuna hata moja kati ya hayo linalozuia chanjo za kawaida.

"Bora kuugua kuliko kuhatarisha macho." Hii ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu magonjwa yenyewe ni maadui wa macho. Surua huchubua konea, na ikimkuta mtoto mwenye upungufu wa vitamini A inaweza kuitoboa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2004 yaliweka watoto wanaopofushwa na surua duniani kati ya 15,000 na 60,000 kwa mwaka. Katika utafiti uleule wa Marekani wa watu waliopata chanjo za mRNA, waliougua UVIKO-19 ndio waliokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha kuziba mishipa ya retina. Anayekwepa chanjo kwa ajili ya macho anapaswa kuweka pia upande wa pili kwenye mizani.

Jicho likikusumbua baada ya chanjo

Macho kuwasha kidogo au kuwa mekundu siku ya kwanza, ukiwa na homa na uchovu, mara nyingi huisha yenyewe. Kope na midomo kuvimba ghafla ndani ya nusu saa, huku pumzi ikibana, ni mzio mkali. Kwa chanjo nyingi hutokea takriban mara moja kwa kila dozi milioni, na ndiyo sababu unaambiwa ukae kidogo kabla ya kuondoka.

Yanayotaka daktari wa macho siku hiyohiyo ni haya: kuona kupotea au kufifia ghafla, hata bila maumivu, jicho kuuma pamoja na kuchukia mwanga, maumivu ukizungusha jicho huku rangi nyekundu ikionekana imepauka, vimulimuli vipya au kivuli kinachoshuka kama pazia, kuona kitu kimoja kuwa viwili. Kichwa kikali kisichoisha pamoja na ukungu machoni, siku nne au zaidi baada ya chanjo, ni cha kupelekwa hospitali na si cha kumezea panadoli. Mshipa mkuu wa damu wa retina ukiziba, saa zinahesabika, kwa hiyo mjadala wa nani wa kulaumiwa unaweza kusubiri. Jicho haliwezi.

Usijitibu kwa matone yenye steroidi yaliyobaki nyumbani au ya jirani. Matone hayo hutuliza uvea kweli, ndiyo sifa yake, lakini kama tatizo ni virusi vya malengelenge kwenye konea, yanavilisha. Yakitumika muda mrefu hupandisha presha ya jicho kimyakimya. Kutofautisha jicho jekundu moja na jingine kunahitaji taa na darubini ya daktari.

Ukifika, taja tarehe ya chanjo, jina lake na namba ya dozi, kisha tarehe na saa dalili zilipoanza, na ugonjwa wowote wa macho uliowahi kuwa nao. Omba ripoti ipelekwe kwenye mfumo wa usalama wa chanjo, hata kama daktari anadhani ni sadfa. Huko ndiko simulizi yako itawekwa kando ya nyingine, ihesabiwe, ilinganishwe, na "-ka-" yako ijulikane ni ya aina gani.